Siku Niliyoitwa Barazani Nikabaki Nje

Mwanangu Atupele,

Sasa hivi umemfunga mbuzi kamba shingoni, ukamburuta mpaka mbele ya kiti cha babu yako pale uani, ukakikalia hicho kiti kama umezaliwa juu yake. Mdogo wako Tusekile ukamwambia asimame wima, maana yeye ndiye tarishi wa baraza. Mbuzi ameshitakiwa kula mboga za Bibi.

"Mshitakiwa, una la kusema?"

Mbuzi akalia mee.

"Baraza limesikia. Tarishi, andika amekiri."

Tusekile akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilikuwa mlangoni pa jiko na kisu cha viazi mkononi, nacheka nanyi, mara nikasikia kikohozi cha babu yako kutoka upande wa migomba. Basi hapo hapo nikawa sipo. Kabla hajafika uani nilishaingia jikoni, nimejifunika kanga mpaka machoni, nachungulia kwenye ufa wa ukuta kama mwizi wa kuku. Nikaona amesimama anakutazama. Nikasema leo mtoto atapigwa. Lakini alivua kofia, akasema, "Hakimu, mimi mzee nikae wapi?" Nawe bila haya ukamjibu, "Kaa pale kwenye gogo, Babu, kesi yako bado." Na kweli akaenda akakaa kwenye gogo! Mjukuu anaweza kumwambia babu yake hivyo. Mimi mkamwana wake, tangu niolewe humu, ukiacha asubuhi moja tu, sijamwambia hata "shikamoo".

Sasa wewe umekwenda kwa jirani kuaga, na wao wamo nyumba kubwa: Babu, Bibi, baba yako, na baba yako mkubwa aliyekuja tangu asubuhi na koti lake la kanisani. Wanazungumza habari yako. Mimi nimekaa jikoni, maharagwe yako motoni, jua bado liko juu ya mlima kidogo, nimeweka kibao magotini nakuandikia. Barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku lako. Ukiisoma utakuwa umekwisha kujua wamesemaje, mimi sasa hivi sijui. Basi usinicheke.

Mambo ya blanketi na sabuni na namna ya kuhifadhi nauli Bibi atakuambia, ameanza kuyasema tangu juzi na hajamaliza. Basi la kesho likisimama Iringa mama yako mdogo wa Kihesa atakuletea chakula, anajua. Hayo mimi siyaandiki. Naandika lile ambalo kesho kwenye basi, watu wakiwa wengi na macho yangu yakiwa hayanisikii, sitaweza kulisema.

Unajua shauri lenyewe. Chuo kimekukubali, na kina masomo ya namna mbili. Yapo yale mafupi ya wasichana, unarudi kuwa msaidizi wa maendeleo, kama mimi. Na yapo yale marefu, ya wanaosomea kuwa makatibu wa baraza na wakubwa wa ofisi. Haya marefu mpaka sasa walikuwa wakisoma wanaume tu, na mwaka huu wamesema msichana mwenye alama nzuri akitaka asizuiwe, ila wazee wake wakubali. Alama unazo. Wazee ndio hao wako ndani.

Baba yako mkubwa amekwisha kusema lake, na sauti yake unaijua, hata aliyeko sokoni Uyole amesikia. "Huyu ataolewa! Siku moja mkwe wake ataingia ofisini na kesi yake. Katibu atafanyaje? Ataruka dirishani? Serikali nzima iruke dirishani kwa sababu mkwe amekuja?" Wamecheka. Mimi pia nilicheka huku jikoni, maana baba yako mkubwa anajua kuchekesha. Kisha akasema lile lililonifanya nitafute karatasi. Akasema, "Na mama yake mwenyewe aliitwa kwenye kiti kikubwa, akakataa. Muulizeni."

Hakuna aliyeniuliza. Basi wewe nitakusimulia.

Nilitoka Kalenga ningali binti, nimesoma madarasa manne kwa masista. Baba yako alikuwa anaendesha lori, akipita kwetu kununua mahindi. Yeye hajui Kihehe, mimi sijui Kinyakyusa, Kiswahili ndicho kilichotuoza. Mpaka leo ndani ya nyumba tunasemezana hicho hicho, na ndiyo maana wewe unakisema vizuri kuliko sisi wote. Mama yangu alinifunza adabu za kwetu: baba mkwe unampelekea maji ya kunawa, unapiga magoti, unamwamkia. Basi asubuhi ya kwanza Uyole, na baridi ile, nikachemsha maji, nikatia kwenye beseni, nikaingia alipokuwa anaota moto. Nikapiga magoti vizuri sana, nikamwamkia kwa Kihehe. "Kamwene, baba."

Mzee aliruka, Atupele! Aliruka kama ameona moto umeshika nyumba, akatokea mlango wa nyuma, blanketi akaliacha, na kiatu kimoja. Bibi yako akaja mbio mikono kichwani.

"Umefanya nini, mwana wa watu! Umemtazama!"

"Nimempa maji, mama."

"Maji! Ungempa nyoka angekaa!"

Baba yako ndiye aliyekosa, hakuniambia. Alikuwa anaona ni jambo ambalo kila mtu duniani analijua. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mkamwana ndiye anayeingia majanini mpaka mzee apite. Nililia siku ile. Nilidhani wananichukia. Bibi ndiye aliyenikalisha akanieleza kwamba si chuki hata kidogo, ni heshima, na kwamba mzee naye kule nje amekaa kwenye umande na kiatu kimoja kwa sababu ya kuniheshimu mimi.

Basi nikajifunza. Nilijifunza kupita hata waliozaliwa humu. Kikohozi chake nilikijua kuliko kengele ya kanisa. Na kanisani yeye hukaa mbele kabisa na mimi nyuma kabisa, mchungaji akisema tupendane tunapendana kutoka mbali. Nikawa nasifiwa mji mzima: mke wa dereva, Mhehe yule, ana adabu. Nilipenda kusifiwa, mwanangu. Nilikuwa mgeni, na mgeni akisifiwa hushiba.

Ulipoanza kutembea akaja yule Bibi Mzungu wa boma, anatafuta wanawake wanaojua kusoma wamsaidie kazi ya maendeleo. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anavaa viatu vya kiume na kuogopa jogoo wetu. Akanichukua. Nilitembea vilima vyote vya huku: kufundisha kina mama kusoma, kushona, kuchemsha maji ya mtoto. Nilikuwa nakubeba wakati mwingine, wakati mwingine nakuacha kwa Bibi. Kazi ile niliipenda sana, kusema kweli hata sasa naipenda. Mwanamke mzima aliyekuwa anaogopa kushika kalamu, ukimwona siku anapoandika jina lake mwenyewe, anavyolitazama, anavyolifuta kwa kidole kuona kama litatoka, hutatamani kazi nyingine.

Kisha mkubwa wetu, aliyekuwa anasimamia kazi yote ya tarafa, akahamishwa. Kiti kikawa wazi. Anayekaa kiti kile ndiye anayeingia barazani kila mwezi, anawaambia wazee huku panahitajika kisima, kule panahitajika shule, na wao wanakata shauri. Tangazo likabandikwa. Nililisoma mara nyingi. Halikusema mwanamume, halikusema mwanamke, lilisema mtu anayeijua kazi. Bibi Mzungu akaniambia, "Umeliona? Jina lako nimelipeleka." Baba yako akafurahi, akanipigia honi ya lori njia nzima kutoka sokoni.

Siku ya kusailiwa nilivaa gauni langu la bluu. Nikafika kwenye jengo la baraza mapema, nikakaa kwenye kivuli cha bati na mwenzangu mmoja tuliyefundisha pamoja, Mama Sekela. Madirisha yalikuwa wazi. Nikasikia kikohozi.

Nilijua kwamba babu yako ni mzee wa baraza, kila mtu anajua. Lakini sijui nilikuwa nafikiri nini. Labda nilifikiri siku hiyo hatakuja. Tarishi akatoka mlangoni. "Mama Atupele wa maendeleo!"

Mama Sekela akanisukuma. "Nenda wee, wanakuita."

"Mkwe yumo."

"Basi jifunike."

"Nitasailiwa nimejifunika kama maiti?"

"Mama Atupele!" tarishi akaita tena. Nikabaki nimekaa. Sikuwa na hasira na mtu, sikuwa na hofu ya maswali. Niliona tu beseni la maji na yule mzee anaruka, safari hii mbele ya baraza zima, na kiatu kimoja. Tarishi akaita mara ya mwisho, akatazama huku na huku, akasema, "Hayupo." Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akaitwa Bwana Lugano, kijana mwema, unamjua, ndiye aliyetuletea habari ya chuo chako. Akaingia, akatoka ndiye mkubwa wangu. Nikampa mkono nikamwambia hongera, na sikumdanganya.

Nilirudi nyumbani nikapika. Nilijiambia nimelinda heshima ya nyumba, na watu wakanisifu tena. Ikapita.

Lakini haikupita. Mwaka uliofuata ikatokea nafasi nyingine, tarafa ya mbele, na mwenzetu mmoja akaitaka. Akaambiwa, "Wanawake tuliwapa, mmoja tukamwita mara tatu, akakataa." Mimi! Mimi nilikuwa nimenyamaza tu. Sikujua kwamba ukinyamaza wewe, watu wengine wanasema badala yako, na watakavyosema ndivyo itakavyokaa. Kisha mwingine tena akaambiwa hivyo hivyo. Na leo nimelisikia kutoka nyumba kubwa, linatumika juu yako wewe, mtoto uliyekuwa siku ile unanisubiri nyumbani na doli lako la mabua.

Sasa sikia lililobaki, ambalo na mimi nimelijua mwaka huu tu, wakati wa kuvuna viazi. Tulikuwa shambani mimi na Bibi, tunasemasema, nikamwambia nilivyosikitika siku ile. Bibi akaacha jembe.

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwa nje, mama, kivulini."

"Ee Mungu wangu! Mzee alikusubiri!"

Akanieleza. Babu yako siku ile alikwenda mapema kuliko wenzake, akachagua kiti cha mlango wa nyuma ambacho hakuna anayekitaka kwa sababu ya upepo. Akakaa na koti lake mwilini. Akamwambia mwenziwe, "Leo mke wa mwanangu anakuja. Akiingia yeye, mimi natoka kuvuta tumbaku. Mkimaliza naye mniite." Na akakaa hivyo. Jioni akarudi amenuna, anapiga chafya, akamwambia Bibi, "Nimekaa kwenye upepo mchana kutwa, mkamwana hakuja. Sijui tumemkosea nini."

Nilikaa chini palepale kwenye tuta, nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Bibi naye akacheka. Yaani wawili sisi, mmoja nje amejificha kwa heshima, mmoja ndani yuko tayari kutoka kwa heshima, na kiti kile kati yetu hakina mtu. Ilikuwa ni kuuliza tu. Ningemtuma Bibi jana yake na maneno mawili. Au tarishi. Au mtoto yeyote! Sheria ya serikali ilinipa nafasi, mila ya mzee ilinifungulia mlango wa nyuma. Aliyekataa ni mimi, kwa niaba ya wote, bila kumuuliza hata mmoja.

Sikuambii uidharau mila, Atupele. Ukiniona nakimbilia jikoni nikisikia kikohozi, usinionee huruma. Nampenda mzee yule, na hiyo ndiyo njia tuliyo nayo ya kupendana. Nakuambia uliza. Mila ina watu ndani yake, na watu wanasikia. Utakapoambiwa hapa mwanamke haingii, uliza nani amesema, na umuulize huyo huyo aliyesema, mbele yake. Huenda ukamkuta ameshavaa koti anakusubiri.

Huenda pia ukamkuta hataki kweli. Wapo, sikufichi. Yule Bibi Mzungu alijua kazi kuliko mabwana wengi wa boma, lakini alipoolewa aliambiwa kazi yake imekwisha, ndiyo kanuni yao. Mzungu, Atupele! Nilidhani wao hawana mila. Alikuja kuniaga, tukanywa chai hapa hapa jikoni, akasema, "Mumewe ameolewa pia, mbona yeye haachi?" Alikuwa anajisema mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile. Basi mengine utayakuta yameandikwa na kupigwa muhuri, na hayo utayapinga kwa kusoma sana na kwa kusema bila kuchoka. Siku hizi wanaume wakikaa sokoni wanasema nchi hii itakuwa yetu, haiko mbali. Mimi nasikia nafurahi. Kisha najiuliza, yetu akina nani? Maana siku hiyo viti vitakuwa vingi, na kama hakuna msichana aliyesoma masomo marefu watasema tena tuliwaita hawakuja.

Jana ulipokuwa unanisuka uliniambia, "Mama, ile fupi inanitosha, nirudi upesi nikusaidie." Sikukujibu kwa sababu ulikuwa umenivuta nywele. Sasa nakujibu. Kama unaipenda ile kazi kama mimi, ichukue, utanifurahisha, na asikudharau mtu. Lakini kama umeisema kwa sababu uliogopa kuwa msichana peke yako darasani, au kwa sababu uliona uso wangu ukafikiri nitakuwa mpweke, basi hapana. Upweke wangu niachie mimi. Nina Tusekile, nina mbuzi mwenye kesi, nina baba yako anayekoroma. Kiti kile hutakiomba kama mtoto anavyoomba sukari. Ukikifikia kwa kazi yako, ni chako sawasawa na cha kijana atakayekaa karibu nawe, na mshahara wake uwe wako, na sauti yake isiwe kubwa kuliko yako kwa kuwa ana ndevu.

Kuogopa utaogopa. Mimi naogopa sasa hivi hapa nilipo, utaona mwandiko.

Maana sijakuambia. Mchana nilimtuma Bibi kwa babu yako. Nilisema, "Mwambie mzee, mkamwana anaomba kusema mbele ya kikao habari ya mtoto wake. Kama itampendeza atoke kidogo wakati huo, avute tumbaku, nami nitasema upesi." Bibi alinitazama, kisha akafunga kanga yake vizuri akaenda bila kuuliza. Nimengoja jibu tangu wakati ule. Baba yako alipita hapa jikoni kujifanya anatafuta moto wa sigara, akaninong'oneza, "Mimi nikisema wataniambia nimekaliwa na mke. Sema wewe." Akatoka bila kuwasha hiyo sigara.

Nimeyapanga nitakayosema. Nitamwambia baba yako mkubwa kwamba sikukataa. Nitamwambia mkwe wa Atupele akija ofisini na kesi, Atupele atatafuta njia pamoja naye, kwa pazia, kwa mlango wa pili, kwa zamu, watu wawili wenye heshima hawakosi njia, na hakuna serikali itakayoruka dirishani. Nitasema mtoto aulizwe yeye mwenyewe anataka lipi, na akilitaja asirudishwe nyuma. Wakikubali nitashukuru. Wakikataa nitasema tena asubuhi kabla basi halijaja, na Bwana Lugano naye atakuwepo. Sitanuna, lakini sitanyamaza.

Maharagwe yameanza kushika chini, nimeyaongeza maji. Sauti ndani zimetulia. Baba yako mkubwa hacheki tena.

Huyu Bibi anakuja. Amesimama mlangoni, anashika kizingiti, anatabasamu ametoa meno yote aliyobakiwa nayo. "Njoo," anasema, "wanakungoja." Nimemuuliza, mzee ametoka? Anasema, "Hajatoka. Amegeuza kiti chake kidogo kuelekea ukutani, amesema anataka kukusikia kwa masikio yake." Hajatoka, Atupele! Yumo ndani, na ananingoja mimi. Kanga yangu iko wapi. Nakuja, mama, nakuja, namalizia mstari. Mwanangu, neno la kwanza nitakalowaambia ni...